UZI: Kesi ya utotoni na viza ya Marekani. Lini unahitaji msamaha, lini huuhitaji kabisa

#1 Kisasa Mkongwe

Wakuu, swali hili linarudi kila matokeo ya bahati nasibu ya grini kadi yanapotoka, na majibu ya vijiweni hapa Dodoma yanawaponza watu. Mtu alikamatwa ana miaka 15 au 16, akafikishwa mahakamani, akachapwa viboko au akaachiwa kwa masharti. Leo ana miaka 30 na fomu ya viza iko mbele yake. Kijiwe cha kwanza kinamwambia "umeshaharibu, tafuta msamaha". Cha pili kinamwambia "jaza hapana, nani atajua". Vyote viwili vinapotosha.

Kabla ya kuwaza msamaha (ruhusa ya Marekani ya kukupa viza licha ya katazo), pitia maswali matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza: kuna hatia? Bodi ya Rufaa ya Uhamiaji ya Marekani ilisema mwaka 1981 katika shauri la Ramirez-Rivero, ikarudia mwaka 2000 katika shauri la Devison, kwamba jambo lililoshughulikiwa kama kosa la mtoto halihesabiki kuwa jinai, na uamuzi wake si hatia kwa macho ya sheria ya uhamiaji. Hakuna hatia, hakuna cha kusamehewa chini ya vifungu vinavyodai hatia.

La pili: ulikuwa na umri gani siku ya tendo? Siku ya tendo, siyo siku ya kukamatwa wala ya hukumu. Kanuni ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, 22 CFR 40.21, inasema hivi kuhusu makosa yanayogusa uadilifu (wizi, utapeli, kughushi, kumuumiza mtu kwa makusudi). Tendo la kabla ya kutimiza miaka 15 halikuzuii viza. La kati ya miaka 15 na 18 nalo halikuzuii, isipokuwa kama ulishtakiwa na kutiwa hatiani kama mtu mzima kwa kosa kubwa la matumizi ya nguvu.

La tatu: hata ukinasa hapo, kosa ni moja tu? Sheria yenyewe ya uhamiaji ya Marekani, kifungu cha 212(a)(2)(A)(ii), inamwondoa kwenye katazo mtu mwenye kosa moja alilotenda kabla ya miaka 18, ilimradi imepita zaidi ya miaka 5 tangu tendo na tangu kutoka kifungoni, ikihesabiwa hadi siku ya kuomba viza. Hii haina fomu wala ada. Ofisa akiridhika, anaandika na kuendelea.

Ukikwama kwenye yote matatu ndipo tuzungumze msamaha. Watu wengi wenye kesi za utotoni hawafiki huko. Kinachowakwamisha ni kushindwa kuthibitisha umri, kukosa nyaraka za mahakama, au uongo kwenye fomu.

#2 Zabibu Chungu

Mkuu, shikilia hapo kwenye "kama mtu mzima". Mahakama ya mwanzo miaka ile ilikuwa inauliza umri kweli? Karatasi nyingi zimeandikwa "mshtakiwa, miaka 18, mkulima" na mwenyewe alikuwa darasa la saba. Huyo anahesabiwa vipi?

#3 Masjala

Zabibu, umegusa penyewe. Nijibu kwa upande wa sheria yetu, Kisasa ataongezea ya kwao.

Tenga kesi za kabla na za baada ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Sheria hiyo inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kifungu cha 97 kinaanzisha Mahakama ya Watoto, na kifungu cha 119 kinakataza kumhukumu mtoto kifungo gerezani. Kesi husikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii anahusika, na amri zinazotoka ni za kuachiwa kwa masharti, kukabidhiwa kwa mlezi anayefaa au kupelekwa shule ya maadilisho (ile ya Irambo, Mbeya). Karatasi yenye kichwa cha Mahakama ya Watoto ni dhahabu mbele ya ofisa wa viza, kwa sababu inajibu swali la kwanza la Kisasa bila ubishi. Mauaji peke yake ndiyo huenda Mahakama Kuu.

Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya zamani ya watoto na vijana. Ile iliwaita "watoto" walio chini ya miaka 12, na "vijana" wa miaka 12 hadi kabla ya kutimiza 16. Kwa hiyo aliyekuwa na miaka 17 mwaka 2005 alishtakiwa kama mtu mzima na hakimu hakukosea chochote. Huyu ndiye anayehitaji kusoma kwa makini, maana karatasi zake zina neno "ametiwa hatiani" na pengine kifungo.

Kuna na kundi la tatu, la kesi za baada ya 2009 ambazo umri uliandikwa kwa kukadiria. Hapo karatasi ya mahakama inasema 18, cheti cha kuzaliwa kinasema 16.

#4 Kisasa Mkongwe

Nashukuru Masjala. Sasa angalia faida ya kanuni ile. Huyo wa 2005 mwenye miaka 17, akitiwa hatiani kwa wizi wa kuku au wa mfukoni, alishtakiwa kama mtu mzima, sawa, lakini kosa si la matumizi ya nguvu. Kanuni inadai vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo hazuiliwi.

Unyang'anyi wa kutumia nguvu ni habari nyingine. Tafsiri yao ya nguvu inahusu nguvu, au tishio la nguvu, dhidi ya mtu au mali ya mtu, kwenye kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka 1. Ndiyo maana "kuvunja na kuiba" huleta mjadala, na wizi mtupu hauleti. Mwenye unyang'anyi mmoja wa akiwa na miaka 16, aliyetoka gerezani zaidi ya miaka 5 iliyopita, bado ana mlango wa swali la tatu. Mwenye makosa mawili hana.

Angalizo: kanuni hiyo inamlinda anayeomba viza ubalozini. Aliyeko ndani ya Marekani anayebadilisha hadhi yake mbele ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) hapimwi kwa kanuni hiyo. Anapimwa kwa sheria yao ya makosa ya watoto na mashauri niliyoyataja juu.

Na msikimbilie ule mlango mwingine wa kuondolewa katazo, wa "kosa dogo". Unadai adhabu ya juu kabisa ya kosa isizidi mwaka 1 na aliyoadhibiwa mtu isizidi miezi 6. Kwetu wizi wa kawaida, kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu ya juu ni miaka 7. Hata kama aliiba jembe akafungwa wiki mbili, kinachotazamwa ni ile 7. Wengi wanaandikiwa barua za mawakili zikisema "lilikuwa kosa dogo", na barua hizo hazisogezi kitu.

#5 Stendi ya Nanenane

Mnazunguka mno. Cheti cha polisi cha tabia njema kikitoka safi, jaza hapana, maisha yaendelee. Mmarekani hana namna ya kuingia masjala ya mahakama ya Kongwa akafukua faili la mwaka 2007.

#6 Kisasa Mkongwe

Stendi, ushauri huu ndio unaozalisha katazo la maisha. Soma swali lilivyo kwenye fomu za viza, DS-160 (ya muda) na DS-260 (ya kuhamia). Linauliza kama umewahi *kukamatwa au* kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa baadaye. Cheti safi hakijibu swali hilo, kwa sababu hukuulizwa cheti chako kinasemaje. Ulilala mahabusu siku mbili ukaachiwa bila kesi? Jibu ni ndiyo, na kisanduku cha maelezo kinakusubiri.

Hatari yenyewe iko hivi. Kesi ya utotoni pengine haikuzuii hata siku moja. Uongo kwa ofisa, kifungu cha 212(a)(6)(C)(i), unazuia maisha, na msamaha wake ni mgumu kuliko wa kosa. Msamaha wa kosa, 212(h), unakubali mateso (shida kubwa ukizuiwa) ya mume, mke, mzazi au *mtoto* wako aliye raia au mwenye grini kadi. Msamaha wa uongo, 212(i), unakubali mume, mke au mzazi tu. Mama mwenye mtoto raia kule na hana mwingine anakosa pa kushika.

Niseme haki pia: uongo lazima uwe wa jambo lenye uzito. Ikionekana ukweli usingekuzuia wala usingefungua uchunguzi wowote wa maana, ofisa anaweza kuuona hauna uzito. Lakini huo ni utetezi wa kujitoa shimoni, siyo mpango wa safari.

Aliyekwisha kutuma fomu yenye "hapana" afanye hivi: fomu ifunguliwe na irekebishwe kabla ya usaili. Kama imeshindikana, aseme mwenyewe dirishani, mapema, kabla ofisa hajamuuliza wala kumwonyesha kitu. Marekebisho ya hiari yaliyotolewa kwa wakati hufuta uongo. Ya baada ya kubanwa hayafuti.

#7 Stendi ya Nanenane

Haya, la kukamatwa sikulijua. Nilidhani ni hatia tu.

#8 Binti wa Kondoa

Naomba kueleweshwa kuhusu bangi. Kijana alikamatwa na misokoto akiwa na miaka 17, faili linasema "kete 12 za bangi". Kanuni ya miaka 15 hadi 18 inamsaidia?

#9 Kisasa Mkongwe

Dada, hapo pana mtego. Kanuni ya 40.21 niliyoitaja na lile ondoleo la miaka 5 ni vya makosa ya uadilifu tu. Dawa za kulevya zina kifungu chao na havikihusu. Kinachobaki kumwokoa ni swali la kwanza: kama shauri liliendeshwa kama la mtoto, hakuna hatia, basi. Vilevile kukiri dirishani kwamba alivuta akiwa mtoto hakugeuki kuwa kukiri jinai, kwa sababu ile ile.

Kama alishtakiwa kama mtu mzima, hatia yaweza kuhesabika na msamaha ukahitajika. Msamaha wenyewe ni mwembamba: 212(h) inafunika tukio moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake. Heroini, mirungi, kuuza, au matukio mawili, hakuna msamaha kwa viza ya kuhamia.

Sasa rudi kwenye "kete 12". Kete hazina uzito unaojulikana, na ofisa hawezi kukisia. Tafuta taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndani ya faili, ndiyo inayotaja gramu. Ikikosekana, angalia hati ya mashtaka na hati ya ukamataji mali. Uzito usipopatikana popote, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji, na hapo ndipo maombi mengi hufa. Angalia pia neno lililotumika kwenye shtaka. "Kupatikana na" na "kusafirisha" ni vitu viwili tofauti kabisa kwao, na kwetu polisi wamekuwa wakiandika kusafirisha hata kwa kiasi kidogo.

Na kuna vifungu visivyodai hatia kabisa. Ofisa akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu alikuwa msambazaji wa dawa, utoto haumkingi, wala hukumu ya kuachiwa haimkingi.

#10 Masjala

Acha nieleze namna ya kupata nyaraka. Nimeona watu wanafika ubalozini na karatasi ya RB wakidhani inatosha. RB inaonyesha kwamba taarifa iliandikwa polisi, haielezi shauri liliishaje.

Kinachotakiwa kwa mtu aliyefika mahakamani ni nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri, hukumu au amri ya mwisho, na kama alizuiliwa au kufungwa, kumbukumbu za gereza au mahabusu zenye tarehe ya kuingia na kutoka. Ile tarehe ya kutoka ndiyo inayoanza kuhesabu miaka 5 ya Kisasa, usiiache.

Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama iliyosikiliza. Taja jina ulilotumia *wakati ule* (majina ya ukoo hubadilika), mwaka, kosa, kituo cha polisi kilichokukamata, na namba ya shauri kama unayo. Huna namba? Omba karani apekue rejista ya mashauri ya jinai ya mwaka huo. Faili laweza kuwa limeharibika au limehamishwa, ila rejista ni daftari kubwa na mara nyingi hubaki, na mstari wake mmoja una namba, jina, kosa na matokeo. Dondoo la rejista lenye muhuri ni bora mara kumi kuliko kiapo chako mwenyewe.

Angalia pia mipaka ilivyohama. Dodoma imegawanywa wilaya mara kadhaa, Chamwino, Bahi na Chemba hazikuwepo zamani. Kesi ya kijiji kilichoko Chemba leo inaweza kuwa imekaa Kondoa. Ya Bahi na Chamwino, uliza kwanza Dodoma mjini.

Shauri la mtoto ni la faragha, kwa hiyo ndugu hapewi nakala kwa kujieleza mlangoni. Aende mwenyewe na kitambulisho cha NIDA, au ampe ndugu hati ya uwakilishi iliyoapwa mbele ya wakili. Wakili anaruhusiwa kufuatilia kwa niaba yake.

Kosa linalojirudia ni mtu kupata nakala ya hukumu, kutoa fotokopi, halafu kupeleka fotokopi kwa wakili igongwe muhuri wa "nakala halisi". Ubalozi unataka nakala iliyothibitishwa na mahakama inayotunza faili. Muhuri wa wakili unathibitisha kwamba aliona karatasi, hautoi kumbukumbu ya mahakama.

Faili na rejista vyote vikikosekana, usirudi mikono mitupu. Omba barua ya mahakama inayosema wamepekua mwaka gani hadi gani, kwa majina gani, na hawakupata. Omba ya polisi vilevile. Ndipo uambatanishe kiapo chako na cha mtu mzima aliyekuwepo, mzazi au aliyekudhamini.

#11 Zabibu Chungu

Na umri? Cheti cha kuzaliwa wengi wamekipata juzi juzi kwa ajili ya pasipoti.

#12 Masjala

Cheti cha RITA kilichosajiliwa mtu akiwa na miaka 25 kinapokelewa, ila ofisa ana haki ya kukitilia shaka, hasa umri ukiwa ndio roho ya maombi. Kiegemeze na karatasi zilizoandikwa *kabla* ya kesi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi yenye mwaka wa kuandikishwa, cheti cha darasa la saba. Kiapo cha umri kilichoapwa mwaka huu ni kijiti kikavu, hakiwezi kubeba mzigo peke yake.

Wale waliopunguza umri ili wacheze mpira au warudie shule wana shida mbili. Pasipoti inasema 1994, shule inasema 1991. Kwa tarehe ya pasipoti alikuwa na miaka 15 siku ya kosa, kwa ya shule alikuwa amefika 18. Ofisa akiona zote mbili hataamini hata moja, na swali la uongo linafunguka upya.

#13 Mgogo wa Area C

Wakuu, nami niulize la bahati nasibu. Mtu amechaguliwa, ana kesi ya kujeruhi akiwa 17, alishtakiwa kama mtu mzima, na kesi ya pili ya wizi akiwa 19. Muda unatosha kuomba msamaha?

#14 Kisasa Mkongwe

Kwa ukweli, mara nyingi hautoshi. Viza za bahati nasibu hufa tarehe 30 Septemba ya mwaka wa fedha wa Marekani, hazisogezwi hata siku moja. Msamaha kwa fomu I-601 hauombwi mapema. Unasailiwa kwanza Dar es Salaam, ofisa anakukatalia kwa karatasi inayotaja kifungu, ndipo unatuma fomu USCIS kule Marekani (ubalozi haupokei). Ada ni dola 1,050, hairudishwi. Uamuzi huchukua miezi mingi. Mwenye namba ndogo ya bahati nasibu akasailiwa Oktoba anaweza kujaribu bahati yake. Wa Julai anatupa pesa.

Kingine kinachowaangusha wa bahati nasibu ni kukosa ndugu wa kumtegemea. Msamaha wa 212(h) una milango miwili ya kawaida:

Mlango wa mateso makubwa unadai mume, mke, mzazi au mtoto aliye raia au mwenye grini kadi. Aliyeshinda bahati nasibu na hana mtu kule anaukosa.

Mlango wa miaka 15 haudai ndugu. Tendo liwe limepita zaidi ya miaka 15 kabla ya kuomba viza, uonyeshe umerekebika, na kuingia kwako kusihatarishe watu. Kwa kesi za ujanani huu ndio mlango wa asili. Hesabu tu: huyo wa Mgogo, kesi ya mwisho akiwa 19, anaufikia akiwa na miaka 34 na ushei. Kabla ya hapo hana hoja.

Kurekebika kunathibitishwa kwa vitu vyenye tarehe: mikataba ya kazi, leseni ya biashara, risiti za kodi za TRA, vyeti vya mafunzo, cheti cha polisi kisicho na doa jipya. Barua za mtendaji wa mtaa tunazozijua, "huyu ni mkazi wangu na ana tabia njema", hazina uzito. Mwandishi aseme anamfahamu tangu lini, kwa shughuli gani, na *kwamba anajua kosa lile*, kisha aeleze mabadiliko aliyoyaona. Barua isiyotaja kosa inasomeka kama ya mtu aliyefichwa.

Kwa mlango wa mateso, ndugu wa Marekani aapie moja kati ya mawili: atahamia Tanzania, au atabaki huko mmetengana. Ushahidi ufuate alichochagua. Na usiandike vitu vinavyopingika kwa kubonyeza simu mara moja. Kuna maombi yanasema mume mgonjwa wa figo akihamia Dodoma hatapata tiba, wakati Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018. Hoja ya kweli ingekuwa gharama, bima yake kutovuka bahari, dawa mahususi anayotumia kutopatikana, na daktari wake kuandika hivyo kwa jina la dawa.

Makosa ya nguvu au ya hatari yana ngazi ya ziada. Mateso ya kawaida hayatoshi, yanatakiwa mazingira yasiyo ya kawaida. Mauaji na utesaji havisamehewi kabisa.

#15 Mgogo wa Area C

Kwa hiyo kesi ya 17 haimdhuru, ya 19 ndiyo inamwua?

#16 Kisasa Mkongwe

Karibu hivyo, ila zinabebana. Ondoleo la miaka 5 linadai kosa moja, na yeye ana mawili, kwa hiyo ile ya 17 inarudi kwa sababu ni ya nguvu na alishtakiwa kama mtu mzima. Ingekuwa ilisikilizwa kama ya mtoto, angebaki na wizi mmoja wa miaka 19.

Jambo ambalo watu hawalitegemei ni hili: hata kesi ya utotoni isiyo hatia inaweza kutumika *dhidi* yako ukishaingia kwenye msamaha wa kitu kingine. Msamaha ni hiari ya mwamuzi, anapima mema na mabaya, na rekodi ya mtoto inaingia kwenye mizani. Iwasilishe mwenyewe, na maelezo yake, kabla hawajaikuta.

#17 Binti wa Kondoa

Na walioko huko tayari? Kuna ndugu zetu waliokwenda kwa viza ya masomo wakapitiliza muda, wameoa raia, na walishikwa wakiwa watoto.

#18 Kisasa Mkongwe

Dada, inategemea walivyoingia. Aliyeingia kwa viza na kuoa raia mara nyingi anabadilisha hadhi huko huko, hana haja ya kurudi. Anayelazimika kutoka kwa ajili ya usaili ndiye mwenye katazo la miaka 3 (alipitiliza zaidi ya siku 180) au miaka 10 (mwaka mmoja na zaidi). Siku alizokaa bila kibali akiwa chini ya miaka 18 hazihesabiwi.

Huyo huomba msamaha wa awali, I-601A, dola 795, kabla ya kutoka. Sasa shika hili: I-601A inasamehe kupitiliza tu. Akifika Dar es Salaam, ofisa akakuta sababu nyingine ya kumzuia, msamaha wake unabatilika papo hapo, naye yuko nje tayari. Kwa hiyo mwenye kesi ya utotoni asipande ndege kabla nyaraka za Masjala hazijapatikana na wakili wa uhamiaji wa huko hajaandika kwa maandishi kwa nini kesi hiyo haizuii. Kama alikamatwa Marekani, achukue pia rekodi yake ya FBI kwa alama za vidole, dola 18. Rekodi iliyofungwa na mahakama ya jimbo bado hutajwa kwenye fomu.

#19 Stendi ya Nanenane

Na viza ya matembezi au masomo? Huko nako I-601?

#20 Kisasa Mkongwe

Hapana, huko ni 212(d)(3)(A), na ni pana zaidi. Haidai ndugu wala miaka 15, na inagusa hata dawa za kulevya. Huombi kwa fomu wala ada ya ziada: ofisa wa viza akikuona unafaa katika mengine yote, anakupendekeza kwa CBP (idara ya forodha na mipaka ya Marekani) na wao ndio waamuzi. Vigezo ni vitatu, tangu shauri la Hranka la 1978: hatari kwa jamii ukiingia, uzito wa makosa yako, na sababu ya safari. Kwa tendo la utotoni la zamani, kigezo cha pili kinakuwa chepesi. Lakini kama ofisa haamini kwamba utarudi nyumbani, hafiki kwenye kupendekeza, anakukatalia kwa 214(b) na habari inaishia hapo.

Na msichanganye: vikwazo vinavyowekwa kwa nchi kwa tangazo la rais ni kitu kingine. Msamaha wa kosa hauvigusi.

#21 Zabibu Chungu

Kanada je? Naona wengi wa UDOM wanaangalia huko.

#22 Masjala

Kanada wepesi zaidi kwa hili. Miaka 12 hadi 17 ni umri wa vijana kwa sheria yao, na kosa lililoshughulikiwa nje kwa utaratibu wa watoto halikuzuii. Ukihukumiwa kama mtu mzima unaingia kwenye utaratibu wa kurekebika: miaka 5 baada ya kumaliza adhabu unaomba. Fomu yao nayo inauliza kukamatwa, usifanye ujanja.

#23 Binti wa Kondoa

La mwisho. Hukumu ya mahakama ya mwanzo iko kwa Kiswahili. Ubalozi wa Dar si wanasoma Kiswahili?

#24 Masjala

Dirishani wapo wanaosoma. Ila faili la I-601 linasomwa Marekani, na USCIS wanataka tafsiri kamili ya Kiingereza, si muhtasari, pamoja na maandishi ya mfasiri yaliyosainiwa kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi. Mwenyewe usitafsiri. Mfasiri aelezwe asibuni maneno. "Ameachiwa kwa masharti" akiliandika kama "alitiwa hatiani akapewa kifungo cha nje", amekutengenezea hatia ambayo mahakama haikuitoa. Mwache aweke neno la Kiswahili lilivyo, na maelezo ya kifungu cha Sheria ya Mtoto pembeni.

#25 Kisasa Mkongwe

Na beba karatasi. Simu haiingii ubalozini, picha za hukumu kwenye simu hazina kazi. Ofisa akikosa kitu atakupa karatasi ya 221(g), una mwaka 1 wa kukileta kabla ya kuanza upya na ada mpya. Masjala ya mahakama ya wilaya isikuchukulie mwaka huo: anza kufuatilia faili siku unayojaza fomu, siyo siku ya kurudi na treni kutoka usaili.

#26 Mgogo wa Area C

Kesho asubuhi naanza na rejista ya 2008 Mpwapwa. Nitaleta mrejesho wa namna barua ilivyopokelewa.